Canada: Sheria imebana, bunduki ya kukoki kwa mkono ndiyo inabaki kwa mwenye mfuko mdogo

Tangu 2020 Canada imebadilisha sheria zake za silaha mara kadhaa. Kila badiliko limemsogeza mpenzi wa kulenga shabaha upande mmoja: kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono.

Ni ile ambayo ukishapiga risasi moja unashika mpini wa bolti, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele, ndipo upige nyingine. Kitu cha karne ya 19. Babu zetu waliochukuliwa na KAR kwenda vitani walibeba hiyo hiyo, Lee-Enfield. Canada nako, askari wa akiba wanaolinda maeneo ya kaskazini waliitumia Lee-Enfield kuanzia 1947 hadi majuzi tu, na hata mpya waliyopewa badala yake ni ya bolti. Kwenye baridi ile, kitu chenye vipande vichache ndicho kinachofanya kazi.

Sasa kwa Waswahili walioko Toronto, Calgary au Edmonton wanaotaka mchezo wa wikendi, swali ni ipi ya bei chee unaweza kununua leo bila kesho kuambiwa ni haramu.

Tumefikaje hapa?

Aprili 2020 mtu mmoja aliua watu 22 jimbo la Nova Scotia. Tarehe 1 Mei mwaka huo serikali ya Justin Trudeau ikapiga marufuku aina zipatazo 1,500 za bunduki, nyingi zikiwa za kijeshi kwa muundo na za kujikoki zenyewe, yaani ukifyatua tu, risasi nyingine inaingia.

Oktoba 2022 ikasimamisha uuzaji na ununuzi wa bastola kwa raia wa kawaida. Walioachiwa mlango ni wachache, wakiwemo wanaofanya mazoezi ya michezo ya Olimpiki.

Desemba 2023 sheria inayojulikana kama C-21 ikapita. Tarehe 5 Desemba 2024 zikaongezwa aina 324, siku moja kabla ya kumbukumbu ya miaka 35 ya mauaji ya wanawake 14 kwenye chuo cha École Polytechnique, Montreal. Machi 2025 zikaongezwa nyingine 179.

Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani kila kitu kimefungwa. Siyo kweli. Ufafanuzi wa C-21 unalenga bunduki mpya za kujikoki zenyewe, zinazotumia risasi kubwa zenye fataki katikati ya kitako chake, na zilizoundwa kwa magazini ya kuchomoa yenye risasi sita au zaidi. Bunduki ya bolti haimo. Na ile ndogo ya .22, ambayo fataki yake iko ukingoni mwa risasi, haimo mara mbili.

Siyo kwamba bolti zote ziko salama. Zile zenye nguvu kupita joule 10,000 ziliguswa tangu 2020, zikiwemo za kuwindia wanyama wakubwa kabisa. Lakini hizo ni ghali, na mtu wa kutoboa karatasi hazimhusu.

SKS: rahisi, lakini...

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa shabaha mwenye hela kidogo Canada alikuwa anaanza na SKS, bunduki ya Kisovieti ya kujikoki. Ilikuwa rahisi, risasi zake nazo rahisi. Jamii za wenyeji wa asili huitumia sana kuwindia chakula, na hiyo ni sababu mojawapo ya serikali kusita kuigusa. Haikuwemo kwenye orodha ya 2020, wala ya 2024, wala ya Machi 2025.

Wanaharakati wa kudhibiti silaha wanataka iingie. Wamiliki wanasema ikiingia, familia za kaskazini zitalala njaa. Binafsi naona hoja zote mbili zina uzito, ila kwa mnunuzi mpya hesabu ni nyepesi: usiweke pesa yako kwenye kitu ambacho mawaziri wanakijadili. Waliokumbwa na orodha zilizotangulia wamekaa miaka na bunduki wasizoruhusiwa kuzitumia wala kuziuza, wakisubiri fidia.

Bei ya bunduki ni mwanzo tu

Hapa ndipo wengi hulizwa. Mtu anaona bunduki ya bolti ya .308 kwa dola 600 hivi (dola zote hapa ni za Canada), anafurahi, anabeba. Anafika uwanjani, anagundua kila akivuta kifyatulio anachoma dola moja na nusu, mbili, au zaidi.

Piga hesabu. Risasi 100 kwa siku, mara mbili kwa mwezi, ni risasi 2,400 kwa mwaka. Ukitumia .22 ya kawaida kwa senti 15 hivi, unatoa dola 360. Ukitumia .308 kwa dola 1.80, unatoa dola 4,320. Hiyo tofauti ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Na bado .308 itakupiga bega hadi ujenge tabia ya kufumba macho kabla ya kufyatua, tabia ambayo kuiondoa ni kazi.

Tena .22 siyo toi. Kwenye Olimpiki, mchezo wa bunduki mita 50 unatumia hiyo hiyo, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4 tu.

Basi uchukue ipi?

Kwa anayeanza na chini ya dola 500, Savage Mark II ndiyo ningeitaja kwanza. Inatengenezwa Lakefield, Ontario, kwenye kiwanda ambacho Savage ya Marekani ilikinunua 1995, kwa hiyo kuipata na kupata vipuri siyo tabu. Nyingi zina kifyatulio unachoweza kukilegeza au kukikaza mwenyewe, na kwenye shabaha kifyatulio laini kina faida kuliko urembo wowote. Ubaya wake? Kitako cha plastiki kinachopinda ukikibana, na bolti inayokwaruza kama mlango wa zamani. Unazoea.

Ruger American ya .22 iko juu kidogo kwa bei. Ukiweza kufika dola 700 hadi 1,000, CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki na Tikka T1x ya Finland ni hatua nyingine kabisa: bolti inateleza, mtutu unarudia pale pale. Ukishanunua mojawapo ya hizo mbili, huna haja ya kubadilisha kwa miaka mingi.

Kwa nini hizi za chini zinapiga vizuri hivyo kwa bei hiyo? Viwanda vimejifunza kubana gharama mahali pasipoharibu shabaha. Kitako ni plastiki badala ya mbao. Savage, kwenye bunduki zake nyingi za risasi kubwa tangu ile ya 110 ya mwaka 1958, hutumia nati ya kufungia mtutu, hivyo fundi anapima nafasi ya risasi na kukaza, bila kuuchonga mtutu mmoja mmoja hadi ukae. Gharama inashuka, usahihi unabaki.

Ninachokuomba usifanye ni kumaliza bajeti yote kwenye bunduki. Tenga kama theluthi moja kwa darubini na vishikizo vyake. Kisha nunua risasi za aina nne au tano, boksi moja moja, ujaribu zote kwenye mita 50. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na huwezi kuijua kwa kusoma.

Na achana na ushauri wa "tafuta Lee-Enfield ya zamani, ni bei ya bure." Zamani ilikuwa hivyo. Leo wakusanyaji wamepandisha bei, na risasi za .303 ni ghali.

Kabla hujalipa

Bila leseni, inayoitwa PAL, huuziwi. Uwe na miaka 18, upite kozi ya usalama, na kama ni mara yako ya kwanza kuna kusubiri angalau siku 28. Si lazima uwe raia. Fomu inauliza kuhusu afya ya akili na ukatili wa nyumbani, na mwenzi wako, hata mliyeachana ndani ya miaka miwili, huarifiwa. Wapo wanaolalamika kuwa ni kuingiliwa. Mimi sioni tatizo: mtu anayekujua ukiwa na hasira ndiye anayepaswa kuulizwa.

Tangu Mei 2022 muuzaji lazima athibitishe leseni yako kwa mamlaka kabla ya kukukabidhi, hata kama ni jirani anakuuzia ya mkononi.

Nyumbani, bunduki ikae bila risasi, ikiwa imefungwa kwa kufuli au ndani ya kabati linalofungwa. Ya bolti ina njia ya tatu ambayo sheria inaikubali: unachomoa bolti. Ukiwa na watoto, fanya vyote viwili, kabati na bolti kuwekwa mbali.

Na kama unawaza kuja nayo likizo Dar au Nairobi, leseni ya Canada haikusaidii chochote uwanja wa ndege. Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Kote unahitaji kibali mkononi kabla silaha haijagusa mpaka, la sivyo unaingia kesi ya jinai.