Makaa Chini ya Nyaya za Umeme

Neno letu "makaa" lina maana mbili. Kuna makaa ya mawe, yanayochimbwa ardhini ili kuendesha mitambo ya umeme, na kuna makaa ya miti, yanayochomwa porini na kuishia chini ya sufuria. Dunia inaposema inayaacha makaa, huzungumzia yale ya kwanza. Jirani zetu Wakenya waliyakaribia: mtambo wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Lamu, hadi Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta kibali chake mwezi Juni 2019. Sisi Waganda hatukufika huko. Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe Jinja mwaka 1954, umeme wetu mwingi umetoka katika maji ya Nile, na mkazi wa Kampala akisoma habari za moshi wa nchi nyingine huweza kujiona msafi.

Na aje Naguru saa kumi na mbili jioni.

Juu ya kilima kuna nyumba zenye kuta ndefu. Chini, upande wa Go-Down, kuna mizigo. (Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila nisikiapo chumba cha kupanga kikiitwa "muzigo" kwa Kiganda, hudhani aliyekipa jina hilo alikuwa ametoka kulipa kodi.) Mbele ya kila mlango pana sigiri inayopulizwa, na juu ya kila sigiri umepita waya wa umeme. Mvua ikinyesha, sigiri huingizwa ndani, mlango hufungwa, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu huanza kujaa mahali walipolala watoto.

Si kwamba umeme haupo. Karuma peke yake ina megawati 600, Bujagali 250, Isimba 183. Tumejenga kupita tunavyotumia, na mikataba ya baadhi ya mitambo huilazimu serikali kulipia hata umeme usiochukuliwa na mtu. Wakati huohuo magunia ya makaa yanashuka kutoka kaskazini, mengine yakiwa yametokana na miti ya shea, ambayo akina mama wa Acholi hukamua mafuta katika mbegu zake.

Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini na sehemu za mashariki. Lengo lake naliunga mkono. Lakini amri ile ilimfunga mikono mwuzaji bila kumfungulia mnunuzi mlango mwingine. Gunia lilipanda bei, na mama wa Go-Down, ambaye hajawahi kununua gunia zima, akaendelea kununua kopo, ila kopo likawa dogo.

Utaniuliza: je, hakuna bei nafuu ya umeme wa kupikia? Ipo, na hapa naomba uniazime subira yako, kwa sababu ubaya umejificha katika hesabu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, ilianzisha bei ya kupikia. Uniti 15 za kwanza za mwezi zikawa shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa bei ya kawaida, iliyo juu ya shilingi 700. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei hushuka hadi 412. Ukipita hapo, unarudi kwenye bei ya kawaida.

Sasa chukua familia ya chumba kimoja. Taa, simu na televisheni hazimalizi uniti 30 kwa mwezi. Ikipata sufuria ya umeme ya presha, inayoivisha maharage kwa takriban nusu uniti, na ikaitumia mara mbili kwa siku, itaongeza uniti 30 hivi. Jumla ni 60. Imepikia umeme mwezi mzima na haijaigusa bei ya kupikia! Anayeigusa ni bwana wa juu ya kilima, mwenye friji na hita ya maji ya kuoga, anayevuka uniti 80 kabla mwezi haujafika katikati. Mita haijui kama umeme unachemsha maharage au unapoza soda.

Tena nimekuwa mkarimu kudhani kwamba familia hiyo ina mita yake. Mizigo mingi hushiriki mita moja ya Yaka, ile ambayo Watanzania huiita Luku. Uniti 15 za bei ya chini zikigawanywa kwa vyumba sita, kila chumba hupata mbili na nusu. Zile 70 za kupikia hazifiki 12 kwa chumba. Ndiyo maana mwenye nyumba huwakataza wapangaji koili, na wala simwiti mkatili. Naye anaogopa ugomvi wa bili.

Wapo watakaosema umeme hukatika. Ni kweli, na sigiri haina budi kubaki pembeni kwa siku hizo. Wengine watasema kushusha bei ni kupoteza mapato. Mapato yapi, katika umeme ambao haununuliwi?

Ninachodai ni mambo mawili. Bei ya kupikia ianze mara baada ya uniti ya 15. Na mita inayohudumia vyumba sita ihesabiwe kuwa ya kaya sita, au mwenye nyumba atakiwe kuweka mita kwa kila chumba kabla ya kupangisha.

Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. ERA, iliyoundwa kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, hurekebisha bei kila robo ya mwaka na hupokea maoni ya wananchi. Maoni hayo yasiandikwe na wenye viwanda pekee. Kabla hujaandika yako, msomaji wangu, muulize mwenye nyumba wako vyumba vingapi vimeunganishwa kwenye mita yenu, na uitaje idadi hiyo katika sentensi ya kwanza ya barua.