Gari Linalochemka Foleni na Kupoa Njiani

Wiki mbili zilizopita wifi yangu alinipigia simu akiwa katika foleni ya feri ya Likoni, saa nane za mchana, na watoto watatu wamekaa kiti cha nyuma. Sindano ya joto ilikuwa imefika kwenye alama nyekundu, mvuke unafuka chini ya boneti, na madereva wa nyuma wanampigia honi. "Wifi, gari hili limenishinda," alisema, kwa sauti ya mtu anayejikaza asilie. Nilimwambia azime injini, awatoe watoto wakae kivulini, wala asithubutu kukigusa kifuniko cha rejeta.

Lililotuuma zaidi ni kwamba gari hilo lilikuwa limetoka gereji siku tatu tu kabla yake. Fundi alikuwa ameing'oa themostati akidai kwamba Pwani ni joto na kidude hicho hakina kazi huku kwetu. Safari hii alisema gasketi ya hedi imeungua, injini haina budi kufunguliwa, na gharama ni shilingi 38,000. Wifi yangu ni mjane. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa za karo ya muhula.

Kabla ya kuzitoa, tulikwenda kwa ami yetu, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Hakukimbilia kufungua boneti. Aliuliza kwanza.

"Mwanangu, sindano hupanda lini? Gari likiwa mwendoni au likisimama?"

"Likisimama, ami. Nikishika barabara ya Ukunda hurudi katikati, ikatulia."

"Na maji, huyaongeza kila siku?"

"La. Siku ile ya feri tu ndipo yalipomwagika."

Ami akatabasamu. Gari likienda mbio, upepo wa njia hupita katika rejeta na kuyapoza maji. Likisimama, upepo huo haupo, na kazi yote huiangukia feni ya umeme. Gasketi iliyoungua haichagui foleni. Aghalabu hulitesa gari zaidi linapopanda mlima au kubeba mzigo, na maji hupungua bila kuonekana yanakovujia, au mafuta ya injini hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Dalili hizo hazikuwapo. Basi alishuku feni, na feni ni jambo la umeme.

Aliwasha injini, kisha akawasha kiyoyozi. Katika magari mengi ya siku hizi, kiyoyozi kikiwashwa, feni huzunguka hata kama injini haijapata moto. Haikuzunguka. Lau ingezunguka, shaka ingehamia kwenye sensa ya joto, kwa kuwa ingedhihirika kwamba mota na nyaya zake ni nzima, ila hakuna anayeiambia feni kwamba maji yamechemka. Jaribio hili halihitaji chombo wala fundi, na kila mwenye gari lenye kiyoyozi anaweza kulifanya mlangoni kwake.

Alizima injini, akatoa ufunguo na kutenganisha waya mmoja wa betri, ndipo akaisukuma feni kwa kidole. Ilizunguka kwa wepesi, maana yake mota haikukwama. Nisisitize hapa, kwa sababu sisi huvaa mabuibui na mitandio: katika baadhi ya magari feni huweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, maadamu maji yangali moto. Nguo na mikono visikaribie.

Baada ya kuurudisha waya wa betri aliikagua fyuzi ya feni, ilikuwa nzima. Akaichomoa rilei yake na kuweka ya honi, kwa kuwa katika gari lile zilikuwa za aina moja. Mambo yakawa yale yale. Fundi wengi, kufikia hapo, wangekwambia ununue mota mpya.

Ami akatoa taa yake ya kupimia, kijitaa kidogo chenye nyaya mbili. Aliichomoa plagi ya mota, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, akagusisha waya mmoja wa taa kwenye upande wa chanya wa plagi na wa pili kwenye hasi ya betri. Taa ikawaka, basi umeme ulikuwa unafika. Kisha akagusisha nyaya zote mbili ndani ya plagi ile ile, chanya na hasi yake. Taa haikuwaka. Umeme ulikuwa na njia ya kuja, lakini haukuwa na njia ya kurudi.

Nilimwuliza kwa nini hakutumia mita. Alinijibu kwamba waya ulioliwa na kutu huweza kuionyesha mita volti 12 kamili, ilhali hauwezi kubeba mzigo wa mota. Taa inakula umeme, kwa hiyo haidanganyiki kirahisi hivyo.

Aliufuata waya mweusi mpaka unapofungwa kwa bolti kwenye bodi, chini ya taa ya mbele. Palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe. Ni chumvi ya bahari, ambayo sisi wa Pwani huishi nayo hata mabatini. Alisugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi. Feni ikavuma. Grisi alikuwa nayo nyumbani, na msasa tuliununua dukani kwa shilingi 50.

Themostati nayo alitaka irudishwe, na tuliirudisha. Injini hutakiwa kufanya kazi katika joto la takriban nyuzi 90; ikikosa themostati huchelewa kupata moto na hunywa petroli zaidi. Hoja ya joto la Pwani haina mashiko, kwani hata siku kali Mombasa joto la hewa halikaribii hapo.

Na kile kifuniko cha rejeta: maji yaliyomo yako chini ya shinikizo, hayatokoti hata yakipita nyuzi 100, ila kifuniko kikifunguliwa hulipuka usoni. Subirini mpaka rejeta ishikike kwa mkono.

Jumatatu wifi alinipigia tena kutoka foleni ile ile ya feri. Alikuwa amefungua dirisha ili nami niisikie feni.