Fundi wa korona na kiti cha msimamizi

Majuzi nalishuka Mnazi kumsalimu mpwa wangu. Wasiopajua wasidhani kwamba huko kuna baridi na kabichi, kwa kuwa ni wilaya ya Lushoto. La! Mnazi iko chini, upande wa kaskazini wa milima ya Usambara, kwenye uwanda mkavu unaoelekea Kenya. Ni nchi ya jua na mkonge.

Mpwa wangu ni fundi wa korona, ule mtambo unaosaga majani ya mkonge hata zibaki singa tupu. Umri wake wapita miaka 40 kidogo, na kazi hiyo ameishika tangu ujana. Sasa ameitwa ofisini, akaambiwa awe msimamizi wa kiwanda. Mshahara utaongezeka, na nyumba itakuwa kubwa zaidi. Lakini badala ya kufurahi, hapati usingizi. Tulipokwisha kula akaniambia, "Mjomba, nikikataa wataniona mjinga. Nikikubali, nani ataisikiliza korona?"

Neno hilo si la majivuno. Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama. Katika kilo 100 za majani hupati singa kavu zaidi ya kilo 4 hivi. Visu vya gurudumu vikikaa mbali mno na bamba la chuma, nyama yabaki juu ya singa. Vikikaribia mno, vyakata singa zenyewe, nazo zachukuliwa na maji machafu. Tena majani yaliyokatwa hayangoji. Yakilala juani siku mbili yameanza kukauka, na singa hazitoki vema. Korona ikisimama asubuhi, basi wakataji walioko shambani, waanikaji, watu wa brashi na wafungaji wa marobota, wote wameharibikiwa siku. Mpwa wangu ajua kwa sauti tu kwamba kisu kimelegea, kabla mwingine hajaona kitu.

Nikamwuliza, "Haya, msimamizi afanya nini Jumanne saa nne asubuhi?" Akafikiri. Ahesabu watu wasiofika. Aamua ugomvi wa wawili wanaogombea kamba ya kuanikia. Ajibu simu ya mkubwa wake anayeuliza mbona marobota ya jana ni machache. Aandika. Kisha aandika tena. "Kumbe," akasema, "yeye ana kelele za watu, mimi nina kelele za mashine."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, hata wazazi tunaowasukuma watoto wetu. Twadhani usimamizi ni ngazi ileile ya ufundi, ila umepanda juu kidogo. Sivyo. Ni kazi nyingine, yenye uanagenzi wake. Nimeona seremala hodari akifanywa mkubwa wa karakana: kila kijana akishika randa vibaya, yeye amnyang'anya na kumaliza mwenyewe. Mwisho wa mwaka vijana hawakujua kitu, na vitabu vya hesabu vilikuwa vitupu.

Mtu atanikumbusha habari ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya darasa lake pale Pugu na kazi ya TANU, akaacha shule na mshahara wake. Ni kweli, wala ualimu haukumtoka: mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Lakini kitabu waweza kukifungua usiku kwa taa. Korona huwezi kwenda nayo nyumbani. Ufundi wa mkono na sikio ukiuacha miaka mitano, huurudii ulivyouacha.

Tena kuna habari ya njaa. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 230,000 za mkonge. Miaka ya 1990 hazikufika hata 40,000, kwa maana kamba za nailoni na jamaa zake zilikuwa zimeshusha bei, na mambo mengine yaliongezeka juu yake. Siku zile za kupungua, mafundi niliowajua walichukua spana zao wakaenda kutengeneza mashine za kusaga mahindi. Mzee mmoja aliyekuwa karani mkubwa alibaki na barua yake ya cheo, imekunjwa vizuri sana.

Nilipofika hapo mke wake, aliyekuwa kimya akichambua mchele, akasema: "Mjomba, hayo ni kweli. Lakini mtazame mgongo anapoinuka. Na mimi nikimwita kutoka jikoni hasikii mpaka mara ya tatu. Akifika miaka 60, atabeba vyuma gani? Na mtoto wa pili aingia sekondari Januari."

Nalinyamaza. Mama huyo alikuwa ameona kuliko mimi.

Basi tukakaa hata usiku. Nalimshauri aombe miezi sita ya kujaribu, na nafasi yake ya ufundi iwekwe. Na aulize waziwazi kama fundi mkuu aweza kuongezwa mshahara bila kuhamia mezani. Mtu asilazimike kuacha kazi aijuayo kwa sababu tu fedha ziko kwenye nyingine. Kisha nikamwuliza ni nani amemfundisha kusikiliza korona. Hakuna! Miaka hii yote, hata spana haazimi. Hapo nalikasirika kweli, naye akainama, na mkewe akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Juma lililopita alinipigia simu. Miezi sita amepewa. Kuhusu mshahara wa fundi mkuu wamesema wataona. Nyuma yake nilisikia mtambo ukinguruma, na sauti ya kijana ikiuliza, "Hiki ndicho kilicholegea, kaka?" Akamjibu hapana, sikiliza tena, akakata simu bila kuniaga.