Usiifiche Mashine Yako Uwanja wa Ndege



Leo sihubiri sana. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mama mmoja wa ushirika wetu aliporudi kutoka Dubai kumwona bintiye. Mama huyu hulala na mashine ya kusukuma hewa, maana bila hiyo pumzi humkatika usingizini. Siku ya safari tulimsindikiza JKIA, gari mbili zimejaa. Yeye alikuwa ameizika mashine katikati ya nguo, kwenye sanduku kubwa, ili tusimwone ameibeba mkononi. Sanduku likachelewa siku tatu. Siku hizo zote mama alilala ameketi kitini.

Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Pasta, wangesema mama wa maombi hana imani."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu sisi watumishi tumechangia. Nehemia alifunga na kuomba, kisha akamwomba mfalme barua za kuwaonyesha watawala wa ng'ambo ya Mto. Nani amewahi kumwambia Nehemia hana imani?

Basi na wewe beba barua. Daktari aandike kwa Kiingereza jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa wako, dawa ama mashine, na kwamba unaitumia wewe mwenyewe. Dawa zikae kwenye pakiti zake. Wewe mwenye sukari, insulini iwe kwenye begi la mkononi, kwa maana huko chini kwa mizigo inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika. Betri za akiba za lithiamu pia hubebwa mkononi. Ikizidi wati-saa 100, uliza shirika la ndege kwanza.

Hapa kwa dawa kali za maumivu nawasihi. Tramadoli ama kodeini uliyoandikiwa hapa nyumbani, ukiingia nayo Imarati unahitaji kibali cha serikali yao, na kinaombwa mtandaoni kabla hujasafiri. Bila kibali unaweza kushtakiwa. Tena tuna watoto wengi wanaofanya kazi Ghuba, na mtu akisafiri tunampa "kifurushi kidogo" cha dawa awapelekee. Tuache. Usibebe dawa ya mtu mwingine, hata kama mnaimba kwaya pamoja.

Ndugu mmoja aliniambia yeye hupita forodha akiomba kimoyomoyo afisa asimwone. Ndugu yangu, hayo si maombi, huko ni kumwita Mungu akusaidie kuficha. Ukiulizwa, jibu. Kama nchi hiyo inataka utangaze ulichobeba, tangaza. Na risiti ya mashine usiiache nyumbani, usije ukarudi ukadhaniwa umeinunua huko.

Unayesafiri mwezi huu, usiniandikie tu "Pasta niombee safari." Niambie pia umebeba mashine gani, na kama barua ya daktari unayo. Kama huna, nipigie leo, tutafute daktari kwanza, kisha tuombe.