Jina Pekee si Ushahidi wa Asili

Kuna ugonjwa unaotusumbua walimu wa lugha na wanafunzi wetu: tukisikia maneno mawili yanafanana, papo hapo tunayafungisha undugu. Leo natoa mfano wa mbali kidogo, nao ni wa mzabibu. (Wasiotumia kileo waniwie radhi, hoja yangu ni ya lugha.)

Elgin, karibu na Cape Town, Afrika Kusini, ni nchi ya matufaha. Mwinuko na pepo za baharini huifanya iwe na baridi kuliko sehemu nyingi za jimbo lile zinazotoa mvinyo. Huko Richard Kershaw hutengeneza mvinyo mwekundu wa zabibu ziitwazo Syrah. Kwa baridi hiyo zabibu huiva polepole, uchachu wake haupotei, na mvinyo hutoka mwepesi, wenye harufu ya pilipili manga. Harufu hiyo si njozi za wanywaji: mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walieleza kwamba kemikali iitwayo rotundoni imo katika zabibu hizo na katika pilipili manga yenyewe.

Zabibu hizo hizo Waaustralia huziita Shiraz. Afrika Kusini majina yote mawili hutumika, na aghalabu anayeandika Syrah hudokeza mvinyo mwepesi wa mtindo wa Kifaransa. Jina Shiraz lilizaa hekaya, eti mzabibu huo ulitoka mji wa Shiraz, Uajemi. Mwaka 1998 uchunguzi wa vinasaba ulibaini kuwa wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, yote mizabibu ya kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Msomaji wa pwani bila shaka amekwisha kutabasamu. Je, Washirazi wetu nao ni hekaya? Hasha! Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani ulionyesha mchanganyiko wa Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na Waajemi, hasa kwa akina baba, ulioanza takriban mwaka 1000. Neno ni lile lile. Huku linapotosha, kule lina chembe ya kweli. Sikio peke yake lisingaliweza kupambanua.

Na damu, waama, si lugha. Mwanafunzi akiandika kwamba Kiswahili kilizaliwa Uarabuni au Uajemi kwa sababu ya "kitabu" na "bandari", mwalimu asimnyime alama kabla ya kumwuliza: je, m- ya "mtu" na wa- ya "watu" zililetwa na jahazi lipi?