Mashine ya Kuushtua Moyo Si Mali ya Kufungiwa Kabatini

Moyo wa binadamu ukisimama ghafla hauchagui mahali wala saa. Huweza kusimama stendi ya mabasi, kivukoni, ibadani, au uwanjani mbele ya maelfu ya watu. Mara nyingi haunyamazi kwa mkupuo mmoja, bali nyuzi zake huanza kutetemeka ovyo, kila moja kivyake, na damu haisukumwi tena kwenda kwenye ubongo. Dawa ya hali hiyo ni moja, nayo ni mshtuko wa umeme unaozituliza nyuzi hizo ili moyo uupate tena mwendo wake. Kila dakika inayopita pasipo mshtuko huo, wala mikono ya mtu kukandamiza kifua cha mgonjwa, hupunguza tumaini la kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa sababu hiyo suala la mashine za kuushtua moyo si la madaktari peke yao, ni la umma mzima. Na kiini chake si idadi ya mashine zilizonunuliwa. Kiini ni nani awezaye kuifikia mashine, na kwa dakika ngapi.

Mashine hizi zimetoka mbali. Mwaka 1965 daktari Frank Pantridge wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliitoa mashine ya namna hiyo hospitalini na kuipakia garini, ikitumia betri za gari na kuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Ya leo hubebwa kwa mkono mmoja. Ikifunguliwa husema yenyewe: humwelekeza mtu abandike vibandiko viwili kwenye kifua kitupu, huupima moyo, na ikiona kwamba moyo hauhitaji umeme hukataa katakata kuutoa. Ile hofu ya mwananchi asiye mganga kwamba atamwua mwenziwe kwa kuigusa haina msingi.

Mwaka 1999 viwanja vya ndege vya Chicago, Marekani, vilizitundika mashine hizi ukutani, machoni pa abiria, kwa masafa ambayo mtu mwenye haraka angeyatembea kwa dakika moja au moja na nusu. Katika miaka miwili watu 18 walianguka mioyo yao ikiwa katika mtetemeko huo. Kumi na mmoja walizinduliwa, na 10 kati yao walikuwa hai mwaka mmoja baadaye. Walioshika mashine na kuwaokoa sita kati ya hao 11 hawakuwa wamepata kufundishwa kuitumia, ingawa watatu miongoni mwa waokoaji hao walikuwa na shahada ya udaktari. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya nyumba za kamari za nchi hiyo hiyo, ambamo walinzi walifundishwa kazi hiyo. Walioshtuliwa katika dakika tatu za mwanzo walipona asilimia 74. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49. Inasikitisha kidogo kwamba somo hilo limetoka kamarini, lakini yaeleweka: macho yaliyowekwa kuzilinda fedha yalikuwa tayari pale mtu alipoanguka.

Walakini ukuta si lazima uwe wazi. Uchunguzi wa jiji la Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ulizihesabu mashine 552 zilizokuwa zimeandikishwa jijini humo. Zilizofikiwa saa zote, mchana na usiku, zilikuwa asilimia 9 tu. Nyingine zilikuwamo ndani ya maofisi na majengo ambayo milango yake hufungwa kazi zikiisha, ilhali zaidi ya nusu ya watu walioanguka hadharani walianguka jioni, usiku au mwisho wa juma. Katika saa hizo uwezo wa mashine kuwafikia watu ulipungua kwa zaidi ya nusu. Tarehe 12 Juni, 2021, siku ya Jumamosi jioni, mchezaji Christian Eriksen alianguka katika jiji hilo hilo, katika mchezo wa Denmark na Finland. Alikandamizwa kifua, akashtuliwa kwa mashine iliyokuwa karibu, na mwaka uliofuata alikuwa amerudi uwanjani akicheza. Lau kuanguka huko kungalitokea mtaani, saa ile ile, katika hali iliyokutwa na wachunguzi wale, mashine ya jirani ingaliweza kabisa kuwa nyuma ya kufuli.

Hapo ndipo jambo hili linapoigusa Tanzania moja kwa moja. Kila mtu anaujua mwendo wa kifaa cha thamani kikishafika mahali pa kazi. Hupokewa kwa picha, huandikwa katika daftari la stoo, kisha hufungiwa kabatini kwa meneja kwa kuogopa wezi, na ufunguo huwa nao karani aliyekwenda mazishini. Woga wa wizi si wa bure. Lakini mashine iliyofungwa haimsaidii hata mtu mmoja, na tena betri yake hulegea na vibandiko vyake hupitwa na muda humo humo gizani, pasipo mtu kujua. Kabati lenye king'ora kinacholia likifunguliwa, lililowekwa mbele ya macho ya mlinzi wa zamu, hulinda kuliko kufuli.

Wapo watakaouliza kama nchi yenye upungufu wa dawa na magari ya wagonjwa inastahili kuhangaika na mashine hizi. Swali hilo ni la haki, na haitakuwa busara kutawanya vifaa vya bei kubwa kila kichochoro. Vianzie mahali penye msongamano. Kisha mikono haigharimu kitu: kukandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka kwaweza kufundishwa shuleni, jeshini na kwa makondakta, nako ndiko kunakoinunua ile dakika ya mtu mwingine kukimbilia mashine. Mafunzo hayo yaseme wazi pia jambo linalofichwa kwa haya: vibandiko havifanyi kazi juu ya nguo. Mwanamke aliyeanguka hana budi kufunuliwa kifua, kisha waliopo wamzungushie khanga. Asiachwe afe kwa kisingizio cha kumstahi.

Mashabiki wa Afrika hawajamsahau Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni, 2003, akafariki akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa wachezaji vifaa havitakosekana. Wanaostahili kukumbukwa ni watazamaji: mzee aliyepanda ngazi za jukwaa, mama muuza karanga langoni, askari aliyesimama juani tangu asubuhi. Mashine ziwepo majukwaani na milangoni, na alama zake zisomeke kwa Kiswahili. Na mashindano yakiisha, zisirudishwe stoo. Zihamishiwe kivuko cha Kigamboni na stendi ya Mbezi, zitundikwe wazi, na jina la mwenye zamu ya kuzikagua libandikwe pembeni.