Mtoto Wako Hahitaji Tabuleti, Anahitaji Katoni

Najua niliahidi kuendelea na makala ya hifadhidata, lakini hifadhidata itangoja. Leo kuna jambo linalonikereketa, na nitalisema hata likiwaudhi watengeneza programu wenzangu. Nianze na kosa langu mwenyewe.

Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Jumamosi moja hapa Kalimoni mvua ilinyesha mchana kutwa. Nikamchorea duara kubwa kwenye karatasi, nikamwekea kreyoni nyekundu kando. Kreyoni hakuigusa. Aliweka kidole katikati ya duara, akangoja. Akabonyeza tena kwa nguvu. Rangi haikuja. Akanirudishia karatasi, akasema: "Baba, imealibika."

Nani alimfunza hivyo? Ni mimi. Kila nilipokuwa na kazi ya kumaliza, nilimpa tabuleti yenye programu ya kupaka rangi. Unagusa duara, duara linajaa, kengele inalia. Nami nikajipongeza kwamba mtoto anajifunza. Mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta nilishindwa kuona kwamba mtoto wangu hakuwa amepaka rangi hata siku moja. Iliyokuwa ikipaka ni programu.

Hebu niwape siri ya jikoni kwetu. Nyingi ya programu za bure, za watoto zikiwemo, hupimwa kwa maswali mawili: mtumiaji amekaa dakika ngapi, na je, kesho atarudi? Nyota zinazorukaruka na vikengele vimewekwa kwa ajili ya kipimo hicho. Kreyoni haikupimi. Ukichoka unaiacha sakafuni, nayo haikutumii ujumbe wa kukukumbusha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora zaidi. Binti yangu alikuwa akiimaliza saa hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Wala ugonjwa huu si wangu peke yangu. Mwaka 2013 wanasiasa waliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni, vingi vikiwa tabuleti, na baadhi viliunganishwa hapa jirani, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja. Nilijivunia, na sikatai kwamba ni kazi nzuri. Lakini ni mwanasiasa gani umewahi kumsikia akiomba kura kwa ahadi ya kreyoni na karatasi?

Kisha mwaka 2019 mtaala wa umilisi, CBC, ukaanza kutumika nchini kote, na mtoto akaanza kurudi nyumbani na agizo: kesho njoo na karatasi ya manila, gundi na vipande vya vitambaa. Wazazi tukapiga kelele. Baadhi ya kelele zilikuwa za haki, kwa maana kuna nyumba ambayo shilingi mia ni chakula cha jioni, na mzigo huo serikali ilipaswa kuubeba. Lakini wewe mwenzangu mwenye simu mbili na intaneti ya mwezi mzima, ulikuwa ukikimbia saibani saa mbili usiku kutafuta manila kwa sababu gani? Ni kwa sababu nyumbani kwako hapakuwa na karatasi hata moja isiyo risiti.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Vifaa vya sanaa vinastahili kukaa nyumbani kama chumvi na majani chai, mahali ambapo mtoto anavifikia mwenyewe, miaka kadhaa kabla mwalimu hajaviagiza.

Najua utasema ni ghali. Hapo umeingia mtego wa wauza vifurushi, wale wanaokupangia rangi kwenye sanduku la plastiki la supamaketi na kuandika "ubunifu" juu yake. Unajua unga wa kuchezea uitwao Play-Doh ulianza vipi? Miaka ya 1930 kampuni ya sabuni huko Cincinnati, Marekani, iliuza donge la kusafishia karatasi za ukutani. Mwaka 1956 donge hilo hilo likaanza kuuzwa kama kitu cha watoto kuchezea. Ndani yake kwa sehemu kubwa ni unga wa ngano, maji na chumvi. Mwenzangu, hilo ni donge la chapati lililokolezwa chumvi!

Sanduku letu ni katoni ya sabuni niliyopewa bure dukani. Ndani mna kreyoni nene zilizoandikwa kwamba hazina sumu. Pakiti ya rangi kumi na mbili haifiki bei ya bando langu la wiki. Karatasi ni pakiti za unga za kilo mbili, zilizopasuliwa na kugeuzwa ndani nje. Kuna trei za mayai, vibomba vya tishu za chooni na mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi wa nguo hapa stejini. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Donge la kuchezea ni vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta na maji kidogo kidogo, likafungwa vizuri kwenye mkebe. Rangi ya njano ni bizari ya manjano, nyeusi ni makaa. Na udongo wetu mweusi wa Juja, ule unaoganda viatuni wakati wa mvua, ukiuchota mahali pasipopita maji machafu, hufinyangwa ng'ombe safi kabisa.

Tahadhari, maana mtoto wa miaka miwili huonja kila kitu. Kinachopenya kwenye kibomba cha tishu hakiingii sandukuni: shanga, vifungo, betri ndogo. Gundi ya viatu hapana. Mabaki ya rangi ya nyumba hapana, kwani rangi za aina hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Donge nalo lina chumvi nyingi mno, asilile. Yaani ukae naye. Naam, hapo ndipo penye gharama ya kweli, na nadhani ndiyo tunayoikwepa tukimpa tabuleti.

Wapenzi wa programu huria, nanyi nina neno nanyi. Miaka yote tunahubiri kwamba mtumiaji awe na uhuru wa kufungua kitu, kukibadilisha na hata kukiharibu. Mbona mtoto tunampa duara lisiloruhusu rangi kutoka nje ya mstari? Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, ndiye aliyebuni Logo mwaka 1967 pamoja na wenzake, lugha ya kwanza ya programu iliyotungwa kwa ajili ya watoto. Alitaka mtoto aiongoze kompyuta, si kompyuta imwongoze mtoto. Mwanafunzi wake Mitchel Resnick, ambaye kundi lake huko MIT lilitoa Scratch mwaka 2007, anasisitiza kwamba shule zingefanana zaidi na chekechea: kubuni, kubomoa, kubuni tena. Hao ndio wazee wa fani yetu. Na leo ambapo mashine inachora picha nzima ukiiandikia sentensi moja, mtoto hapungukiwi na picha. Anapungukiwa na nafasi ya kujua mkono wake unaweza nini.

Utasema nyumba ni ya kupanga, kuta zitachafuka. Zetu zimechafuka. Lakini siku ya kuhama mwenye nyumba atakata pesa za rangi kwenye amana yako, kuta ziwe safi zisiwe safi, na wewe unajua hivyo. Shosho yake alipotutembelea alitazama ukuta, akampa mjukuu kipande cha makaa na kumwambia achore cha kwake, sakafu itaoshwa.

Ilichukua karibu wiki tatu kabla binti yangu hajaacha kubonyeza karatasi. Sasa anachora mistari iliyovurugana na kuniambia hii ni matatu, hii ni mvua. Mimi sioni matatu wala mvua. Tabuleti iko juu ya kabati, inatoka Jumapili tu akiongea kwa video na binamu zake.

Mwenye hoja ya kunipinga aiandike hapo chini, nitamjibu kesho. Usiku huu nina unga wa kufagia.